Majahazi Yanayongoja Maji: Kidonge cha Masaa 12 na Mgonjwa wa Operesheni

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wauguzi, matabibu na jamaa wa wagonjwa. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.

Assalaam alaykum.

Ndugu zangu wauguzi, matabibu, wakunga. Na nyinyi jamaa wa wagonjwa mliojibanza viti vya nyuma kana kwamba maneno haya hayakuhusuni, sogeeni mbele. Nyinyi ndio mnaotandika mikeka chini ya vitanda vya wodi, na jambo tulilokuja kulizungumza hutokea usiku, wakati nyinyi mko macho na daktari kesha kwenda kwao.

Tuanze na suali. Mgonjwa amemeza kidonge cha maumivu saa 12 asubuhi, kile cha mofini, dawa kali itokayo katika afyuni, kinachotoa dawa polepole kwa masaa 12. Saa 2 anaingia thieta. Dawa ile itamfika mwilini saa ngapi?

Nasikia huko: si ishaanza, imeandikwa pakitini! Jibu hilo ni sawa kwa mtu aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Kwa mtu anayengoja kisu si sawa, na kosa lake halionekani asubuhi ile.

Na kwa kuwa tumeshaigusa saa, tuseme hili kabla halijasahauliwa. Mkiandika maelezo ya dawa, andikeni "kila baada ya masaa 8", msiandike "kila saa 8". Wako watu husoma "kila saa 8" wakameza saa 8 mchana na saa 8 usiku, mara mbili badala ya tatu, na Kiswahili chao hakina kosa lolote. Aliyekosa ni mwandishi.

Haya, kidonge chenyewe. Mofini ya maji, ile ya chupa ambayo wengi wenu mnaijua, haina siri: mgonjwa ananywa, ndani ya saa moja hivi imeshafika kileleni katika damu, baada ya masaa 4 imekwisha kazi, anapewa nyingine. Kidonge cha polepole ni kitu kingine kabisa. Kitieni kimoja katika glasi ya maji mkitazame. Hakivunjiki kama panadol. Ngozi yake ya nje inavimba, inateleza, inakuwa kama ute wa bamia, na mofini inapenya kwenye ute ule kidogo kidogo. Ndani mna aina ya nta inayozuia maji yasiingie kwa kasi. Kwa hiyo ile "polepole" haimo katika mofini. Mofini ni ile ile. Upole uko katika ukuta.

Ukuta ukivunjwa je? Mwaka 2005 kule Marekani iliondolewa sokoni dawa moja ya kundi hili, Palladone, baada ya kubainika kuwa pombe huuyeyusha ukuta wake na dozi ya siku nzima ikamwagika kwa mara moja. Mtaniambia, sisi hatunywi pombe. Sawa. Lakini kinu mnacho. Mzee hawezi kumeza, binti yake anampondea kidonge, anakichanganya na uji wa mtama kwa mapenzi yote. Ameshafanya kazi ile ile iliyofanywa na pombe. Dawa ya masaa 12 inaingia kwa saa moja. Kisipondwe. Kisitafunwe. Kisikatwe nusu. Asiyeweza kumeza apewe ya maji.

Na baadhi ya aina, ukuta ule hutoka na choo ukiwa mzima, mtupu. Msishtuke mkadhani dawa haikufanya kazi, na msimpe kingine kufidia.

Sasa tufuate safari. Nyinyi watu wa Pemba mnaijua bandari kuliko mimi kuieleza. Jahazi limekuja na mzigo. Maji yamekupwa. Nahodha afanye nini? Hutia nanga nje, akangoja. Mzigo upo, umeonekana, umeandikwa daftarini, lakini sokoni haujafika hata gunia moja. Maji yakijaa, majahazi yote yaliyokuwa yakingoja huingia pamoja, na wachukuzi hawajui waanzie wapi.

Tumbo la chakula ndiyo ile nje ya bandari. Mofini karibu hainyonywi ndani ya tumbo. Mle mna tindikali, na mofini ikiwa katika tindikali hushika umeme, ikawa haiwezi kupenya ukuta wa tumbo. Mahali pake pa kunyonywa ni utumbo mwembamba. Kati ya viwili hivyo pana mlango, misuli minene inayofunga na kufungua. Chakula kilichosagika hupita kwa utaratibu. Kitu kigumu kisichovunjika, kama kidonge hiki, hukaa kikingoja wimbi maalumu. Mtu asiyekuwa na chakula tumboni, kila baada ya saa moja na nusu mpaka masaa mawili, misuli yake hupiga wimbi moja kubwa linalofagia kila kilichobaki. Ndilo hilo linalokitoa kidonge. Akila, wimbi lile huacha kupita mpaka chakula kimalizike. Kwa hiyo kidonge kilichomezwa baada ya sahani ya biriani hukaa muda mrefu kuliko kilichomezwa juu ya tumbo tupu, hata kwa mtu mzima wa afya.

Mnajuaje, mtauliza, mambo ya ndani ya tumbo la mtu? Yalionekana kwa macho. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac kule Marekani, kijana mmoja mfanyakazi wa kampuni ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini jeraha halikuziba: lilibaki tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaanza kutumbukiza vipande vya nyama vilivyofungwa uzi wa hariri, akivivuta na kuvitazama. Aliendelea hivyo kwa miaka, na kitabu chake kikatoka mwaka 1833. Hatutaki kuingia katika haki na dhuluma ya jambo lile, ingawa lina mengi ya kusemwa. Tunataka kimoja tu: aliona kwamba kijana yule akikasirika, kazi ya tumbo huharibika.

Sasa nambieni, nani ana roho ya utulivu asubuhi ya operesheni?

Hofu hulifunga tumbo. Maumivu hulifunga. Kuumia vibaya hulifunga. Atropini, ambayo bado hutolewa thieta kukausha mate au kupandisha mapigo ya moyo, hulifunga. Kupasuliwa tumbo hulilaza kabisa: utumbo mwembamba huanza kazi tena ndani ya siku ya kwanza, lakini tumbo la chakula huweza kuchukua siku moja hadi mbili. Na cha ajabu kuliko vyote, mofini yenyewe hulifunga. Dawa inajifungia mlango wake mwenyewe! Wanasayansi wa Uingereza waliwapima wanawake wenye uchungu wa kuzaa miaka ya 1970 kwa njia nyepesi sana: walimpa mama parasetamoli ya kumeza, wakapima itaonekana lini katika damu, kwa kuwa nayo hainyonywi mpaka ivuke ule mlango. Waliokuwa wameshachomwa sindano za kundi la mofini, parasetamoli yao ilichelewa mno.

Miaka ya 1980, vidonge vya polepole vilipokuwa bado vipya, madaktari wa usingizi huko huko Uingereza waliona wamepata dawa nzuri ya kabla ya operesheni. Mgonjwa ameze kimoja wodini, aingie thieta akiwa ametulia, atoke akiwa bado amefunikwa, na muuguzi apunguziwe sindano. Mpango mzuri kweli kweli. Damu ilipopimwa, kiwango kilichelewa kupanda. Kidonge kilikuwa bado nje ya bandari.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Ni mfano, lakini kila anayefanya kazi wodi ya mifupa msimu wa karafuu atautambua. Mchumaji ameanguka mkarafuuni, paja limevunjika. Analetwa jioni. Saa 12 jioni anapewa kidonge cha polepole cha miligramu 30. Analia usiku kucha. Saa 12 asubuhi anapewa cha pili. Saa 2 yuko thieta kwa ganzi ya mgongo. Saa 5 ganzi inaisha na maumivu yanakuja kwa kishindo, kwa hiyo anachomwa mofini miligramu 10 msulini. Saa 9 alasiri anachomwa tena. Jioni anatapika, anapewa metoklopramidi miligramu 10.

Hesabuni nami. Vile vidonge viwili viko wapi? Yumkini vyote viwili bado viko tumboni, kwa sababu tumbo lake lilifunga tangu alipogonga chini. Vimekuwa vikitoa mofini polepole kama vilivyotengenezwa, lakini ndani ya maji ya tumbo, pasiponyonywa. Imejikusanya mle. Na metoklopramidi kazi yake ni nini? Ni kulisukuma tumbo. Maji yamejaa. Majahazi mawili yanaingia usiku mmoja, juu ya sindano mbili zilizokwishatangulia.

Saa 4 usiku jamaa anasema, "Alhamdulillahi, leo amelala vizuri." Anakoroma. Mkoromo ule mzito, unaokatikakatika, kwa mtu aliyepewa mofini, si usingizi mzuri. Ni ulimi umelegea na pumzi zinapungua.

Na mtu kama huyu msiseme amefunga masaa 6, tumbo lake tupu. Ulizeni alikula lini kabla ya kuanguka. Alikula saa 9, akaanguka saa 10, basi kile chakula huenda kiko pale pale kesho yake asubuhi, na mtaalamu wa usingizi lazima alijue hilo kabla hajamlaza.

Sasa kiasi. Vuka mlango, vuka utumbo, bado kuna forodha. Damu yote inayotoka utumboni hupita kwanza katika ini, na ini halina huruma: katika kila miligramu 30 za mofini ya kumeza, huchukua kama 20. Zinazofika sokoni ni kama 10. Ndiyo maana miligramu 30 za kumeza zinakaribiana na miligramu 10 za mshipani. Muuguzi anayemhamisha mgonjwa kutoka kidonge kwenda sindano, akanakili namba ile ile kutoka faili, amempa mara tatu. Namba ile ile, dawa ile ile, mara tatu! Kosa hili hufanywa na watu makini, kwa sababu linaonekana kama umakini.

Ini likishaigeuza mofini, mabaki yake hutolewa na figo, na moja katika mabaki hayo lina nguvu ya kutuliza na ya kulaza pumzi kama mofini yenyewe, au zaidi. Mzee mwenye figo dhaifu hujaza mabaki hayo siku baada ya siku. Kwa hivyo kabla ya dozi ya pili, angalieni mkojo wake unatoka kiasi gani.

Hili la kurundika dozi kabla ya ya kwanza kufika si geni. Ni la zamani kama mofini. Aliyeitoa mofini katika afyuni ni mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliipa jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1817 alieleza alivyoijaribu juu yake mwenyewe na vijana watatu. Wakanywa kama miligramu 30. Nusu saa baadaye, nyingine kiasi hicho hicho. Robo saa baadaye, nyingine. Dozi 3 ndani ya dakika 45, na ya kwanza ilikuwa haijamaliza hata kupanda. Wakapata kizunguzungu, maumivu ya tumbo, wakakaribia kuzimia. Ikabidi wanywe siki ili watapike. Na ile ilikuwa mofini ya haraka. Yeye aliharakisha kwa dakika. Sisi na kidonge cha polepole twaharakisha kwa masaa, na siki haitatusaidia.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mgonjwa ambaye hajawahi kutumia dawa hizi asianzishiwe cha polepole kwa ajili ya operesheni. Hili halina mjadala mkubwa tena duniani. Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliondoa kabisa ruhusa ya kutumia dawa za polepole za kundi la afyuni kwa maumivu ya baada ya operesheni. Mpeni parasetamoli gramu 1 ya kumeza kwa maji kidogo saa moja au mbili kabla, kama daktari wa usingizi ameridhia. Figo zikiwa salama na hana vidonda vya tumbo, diklofenaki au ibuprofeni. Paja lililovunjika lina mshipa wake wa fahamu pale kinenani; ganzi ikitiwa hapo na anayejua, mtu aliyekuwa analia huanza kuongea habari za mkarafuu. Akitoka thieta na bado anaumwa, mofini ya mshipani, miligramu 1 hadi 2, ungoje dakika 5, utazame, uongeze. Sindano ndogo ndogo unaziona zinafanya nini. Kidonge hukioni.

Pili, akiwa ameshapewa, basi andikeni saa. Si miligramu tu. Saa aliyomeza, alikula lini, alitapika lini. Akitapika, tazameni kwenye beseni: kidonge kipo? Msirudie dozi kwa kudhani tu. Na kwenye faili pawe na mstari unaoonekana, hata kwa kalamu nyekundu: "Mofini ya polepole, saa 12 asubuhi. Huenda haijanyonywa."

Tatu, kuhesabu pumzi. Hapa jamaa sikilizeni, maana kazi hii hata nyinyi mnaiweza. Weka kiganja juu ya kifua, tazama saa ya simu, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu pumzi za mofini hukatika na utadanganyika. Mtu mzima wa kawaida ni 12 hadi 20. Chini ya 10, mwite muuguzi. Lakini usingizi mzito hutangulia pumzi kupungua, kwa hiyo kabla ya kuhesabu, mwite jina lake. Akifumbua macho akajibu na kubaki nawe, vyema. Akijibu neno nusu kisha akazama tena, mwite muuguzi hata kama pumzi ni 14. Na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, hiyo nayo dalili.

Muuguzi akifika: mwamshe, inua kidevu, oksijeni, na pumzi zikiwa dhaifu sana mpulizie kwa mfuko na barakoa. Halafu naloksoni, dawa inayoizuia mofini isifanye kazi. Chukua ampuli ya miligramu 0.4 katika mililita 1, changanya na mililita 9 za maji ya chumvi, upate mililita 10. Mpe mililita 1 hadi 2 mshipani kila dakika 2 au 3 mpaka pumzi zivuke 10. Pumzi, si macho. Ukimsukumia ampuli nzima kwa mkupuo aliyepasuliwa leo, atarudi na maumivu yote ya dunia na mapigo ya moyo yakimwenda mbio.

Halafu inakuja sehemu inayoua. Naloksoni hukaa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Kidonge cha polepole bado kinamwaga. Mgonjwa anaamka, anaomba maji, watu wanashukuru, muuguzi anakwenda kitanda kingine, na baada ya saa moja mgonjwa anazama tena kimya kimya. Kwa hiyo baada ya naloksoni kukubali, anawekewa ya dripu: kila saa, theluthi mbili ya kiasi kilichomwamsha. Na anakaa chini ya macho ya watu siku nzima, si mpaka kubadilishana zamu.

Kuna watu ambao yote haya yanageuka. Mgonjwa wa saratani aliyetibiwa Dar es Salaam au India, ana miezi anameza kidonge chake cha masaa 12. Huyo asikatishwe asubuhi ya operesheni. Mwili wake umeshazoea. Ukimkatia, atatoka jasho, atatetemeka, atahara, na maumivu yatakuwa mara mbili. Ameze dozi yake ya kawaida kwa funda la maji, na mtaalamu wa usingizi ajue jina, miligramu na saa. Akilazwa na mpira wa puani unaovuta maji ya tumbo, kumbukeni mpira ule unavuta na dawa yake. Atahitaji kupewa kwa njia nyingine, na kwa hesabu ile ya ini: 30 za kumeza ni kama 10 za mshipani.

Na pakiti yake msiiache ndani ya kikapu. Jamaa ana nia njema. Ikifika saa 12 jioni anatoa kidonge, anampa kama alivyozoea nyumbani, huku dakika 20 nyuma muuguzi amemchoma sindano. Hakuna aliyekosa, na mtu amepewa mbili. Pakiti ikabidhiwe kwa muuguzi siku ya kulazwa, vidonge vihesabiwe mbele ya jamaa, idadi iandikwe, na siku ya kutoka virudishwe kwa hesabu ile ile.

Mama wa kanga ya njano umenyoosha mkono tangu nilipotaja kinu. Karibu, suali lako.